Chozi Kwenye Kioo cha Baba

Juzi nilimkuta chozi, kale kandege kanakofyonza maua, akigonga mdomo wake kwenye kioo cha pembeni cha gari langu. Nikasikia tena harufu ya sabuni ya kunyolea.

Kwetu Machame, baba alinyolea ndevu nje, kioo kikining'inia kwenye nguzo kando ya migomba. Chozi wetu alikigonga kutwa, to, to, to, huku ndege wengine wakijishibia kwenye ua la mgomba alilokuwa akililinda. Sikujua anajipiga mwenyewe. Niliamini ndani ya kioo mna adui asiyechoka.

"Baba, si ukitoe hicho kioo?"

"Mwache. Analinda kwake."

Baba naye alikuwa akilinda. Tangu amtuhumu baba mdogo kusogeza masale, mimea inayotenganisha shamba letu la kihamba na lake, alishinda pale mpakani na panga lake. Kahawa iliyoiva ilianguka ikaoza, shamba zima likanuka kama pombe. Mama alikata majani ya ng'ombe na kuvuna peke yake.

Alasiri moja ile to, to, to ya kioo ilinyamaza. Mama alimwokota ndege chini ya nguzo, mwepesi kama jani kavu, kisha akampelekea baba chakula mpakani, sahani imefunikwa. Baba alipofunua, alimkuta chozi katikati, miguu juu.

"Leo ndicho kilichopo, Baba Neema," mama alisema.

Nilicheka, nikidhani wanataniana. Nilicheka peke yangu. Baba aliifunika sahani taratibu, akaiweka kando, akaendelea kuyatazama masale.