Gari la Magome

Mimi ni mtu wa wasiwasi tangu utotoni. Chungu kikichelewa kuchemka tu, moyo wangu unaanza kwenda mbio. Kwa hiyo mume wangu aliponiambia anaunda gari kwa ajili yangu, sikucheka kama walivyocheka majirani. Niliogopa.

Alikuwa fundi betri Kanyenye, mjini, miaka ile ambayo kila mkutano ulitukumbusha kujitegemea na petroli ilikuwa ya kutafuta kwa tochi. Jumapili mchana magari yalikatazwa kabisa kutembea. Sisi tulikaa Itetemia, nje ya mji, na mimba yangu ya kwanza iliishia njiani, juu ya mkokoteni wa ng'ombe, kabla hatujaliona lango la hospitali. Alikuwa mtoto wa kiume. Baada ya kumzika, mume wangu hakumtaja tena, lakini mimba ya pili ilipoanza kuonekana alianza kuleta vyuma nyumbani.

"Safari hii utafika," aliniambia. "Petroli iwepo isiwepo."

Mota aliipata kwenye stata ya lori bovu. Magurudumu yalikuwa ya baiskeli, manne, na betri mbili za lori zilikaa chini ya kiti. Kilichomshinda ni bodi. Bati lilikuwa adimu, na mbao za mninga, kwa uzito wake, zingelifanya gari lisitoke hata uani. Ndipo alipomkumbuka baba yake, mfuga nyuki wa Ipole, aliyetengeneza mizinga kwa magome ya miti yaliyobanduliwa mazima na kushonwa kwa kamba. Mzinga wa namna hiyo mtu huuweka begani akatembea nao huku anapiga soga.

Mzee alikuja na magome yake, akakaa uani akishona. Alinipa mgongo kwa heshima, kwani mkwe na mkamwana hawatazamani ovyo.

"Shikamoo, baba," nilisema nikiweka maji karibu yake.

"Marahaba, mwanangu. Hili litakubeba, wewe na mzigo wako."

Alipomaliza kushona tuliyeyusha nta sote watatu, tukalipaka gari lote ndani na nje ili mvua isipenye. Lilikuwa kama mzinga mkubwa uliolazwa, umekatwa mbele ili watu wawili waingie, na nyuma umebaki na paa na giza lake. Nyumba yote ilinukia. Lilikuwa jepesi hata mimi na tumbo langu niliweza kulisogeza ili nifagie chini yake.

Wepesi huo ndio ulioninyima usingizi. Mume wangu alipakia gunia la mpunga kwenye kiti changu akazunguka nalo uwanjani, kimya kimya, magome yakilia kidogo kwenye kona.

"Unaona?" alisema. "Limebeba."

"Gunia halijirushi," nilimwambia. "Mimi nitajirusha."

"Basi jirushe polepole."

Halafu kulikuwa na chaji. Kwetu hapakuwa na umeme, kwa hiyo betri alizipeleka karakana kwa baiskeli na kuzirudisha kesho yake. Kila zilipoondoka nilikaa kitako nimebana magoti, kana kwamba mtoto huzuiwa na magoti. Balozi wa nyumba kumi naye alikuja kuongeza lake. Aliuliza kama gari hili linaruhusiwa kutembea Jumapili.

"Mzee, katazo ni la petroli," mume wangu alisema.

"Katazo ni la magari," balozi alijibu, akaondoka bila kumaliza maneno.

Uchungu ulinishika Jumapili, saa saba mchana. Ingekuwa siku gani nyingine? Betri zilikuwa chini ya kiti, zimejaa, na kwa mara ya kwanza nilifikiri labda Mungu ameamua kunihurumia. Mume wangu alikwenda kulitoa gari kwenye kibanda. Kisha akarudi mlangoni na uso ambao sikuupenda.

"Kuna nyuki," alisema.

Kundi zima lilikuwa limeingia, limening'inia chini ya paa nyuma ya kiti, jeusi, linapumua. Ndipo nilipoelewa tulichofanya. Mfuga nyuki akimaliza kushona mzinga huupaka nta kwa ndani, nyuki waisikie harufu waje wakae. Mzee alifanya hivyo maisha yake yote, mume wangu alikua akimsaidia, na mimi nilikula asali yao. Tulisimama watatu tukilipaka lile gome nta, tukisifu harufu, na hakuna aliyewaza.

"Wafukize moshi," nilisema.

"Gome kavu na nta? Litawaka lote."

Uchungu ulirudi nikashika mlango. Akilini niliuona mkokoteni ule, na kanga niliyomfunika mtoto. Nikajitanda kichwani, nikaenda nikapanda mbele.

Alinifuata, akashika usukani. Tulitoka kwenye ile njia ya zamani, waliyopita wapagazi na pembe zao za ndovu, nayo ilikuwa mchanga mtupu. Mota ililia sauti nyembamba na nyuki walilia yao mgongoni mwangu, nikashindwa kujua ipi ni ipi. Sikujirusha. Niliuma kanga nikakaa kama lile gunia.

Katikati ya mchanga mzito mota ilianza kunuka, na gari likapunguza mwendo mpaka likasimama. Mume wangu aliruka chini, akanishikisha usukani.

"Wewe shika njia, mimi nasukuma."

Basi nikaendesha gari, mimi ambaye sikuwahi kuendesha hata baiskeli. Yeye alisukuma kutoka nyuma, na kwa kuwa lilikuwa jepesi lilikubali. Nilimfokea njia nzima. Nilimwambia aongeze nguvu, nilimwambia amelala, nilimuuliza kama anataka kuniua na huyu pia. Hakunijibu hata mara moja, na ukimya wake uliniudhi kuliko uchungu. Kwenye lango la hospitali watu walitutazama, wakasikia mlio, wakakimbia. Nilishuka peke yangu, nikatembea nimeshika ukuta hadi ndani.

Mtoto alizaliwa kabla ya magharibi, wa kike, akalia kwa hasira kama mimi.

Nilimuuliza muuguzi mbona baba yake haji. Akasema anatolewa miiba. Nyuma ya gari, pale alipoweka mikono na uso akisukuma, ndipo nyuki walipokuwa na tundu lao la kutokea, na kila gari liliporuka walimtokea yeye. Hakupiga kelele, alimwambia muuguzi, kwa sababu ningeshtuka, na ningeshtuka nyuki wote wangegeuka kwangu.

Alipoletwa kitandani macho yalikuwa yamefumba kwa uvimbe, midomo imekuwa minene. Nililia mbele za watu. Nilimwongoza mkono hadi kwenye kichwa cha mtoto, akakipapasa kwa vidole vilivyovimba, akainamisha sikio.

"Amelala?" aliuliza.

"Amelala."

"Simwoni," alisema. "Mfinye kidogo alie."

Nikamfinya.