Nyasi Mbichi kwa Mwalimu Wangu

Sifa ni zako, Mungu uliyenipa ng'ombe wa kuchunga kabla sijajua kusoma, kisha ukanipa hamu ya vitabu kichwa kikiwa tayari kina mvi. Unajua nimekusifu hata siku nilizokuwa na hasira, na ni siku hizo ninazotaka kuzisimulia.

Katikati ya miaka ya tisini nilikuwa mzee wa kanisa huko nyumbani, upande wa Mashuuru. Kanisa letu lilikuwa la mabati na halikuwa na mchungaji. Wakubwa wetu wa Nairobi walikuja wakaniambia wazi: nikipata cheti cha theolojia kwa miaka mitatu, nitapewa kanisa hilo nilichunge. Nikikosa, watamtuma mtu mwingine. Watu wa nyumbani wakachinja mbuzi, wakaniombea, wakasema watanisubiri. Nilikuwa na miaka arobaini na minane, na shule yangu iliishia darasa la saba.

Kwanza nilikwenda kuangalia chuo kikubwa Nairobi. Waliniruhusu kuketi katika somo moja. Mwalimu alikuwa mbali kama mtu aliye ng'ambo ya mto, akisema kwa kipaza sauti. Nilimuuliza kijana aliyekuwa kando yangu, "Huyu mwalimu anaitwa nani?" Akasema, "Sijui, mzee, mimi niko muhula wa pili tu." Nikatoka kabla somo halijaisha.

Wiki iliyofuata nilifika katika chuo kidogo cha Noonkopir, hapo Kitengela. Kilikuwa chumba kimoja nyuma ya mashine ya kusaga unga, na sisi wanafunzi tulikuwa kumi na mmoja. Mkuu wa chuo alinimiminia chai kwa mkono wake, akaniuliza kama mvua imenyesha kwetu na kama ng'ombe wanazaa vizuri. Hapa, nikajiambia, nitajulikana. Hapa mwalimu ataujua mwandiko wangu. Nikajiandikisha siku hiyo hiyo.

Sitaki kukisema vibaya chuo kile, kwa sababu nilikipenda. Mashine ilipoanza kunguruma, somo lilisimama na sisi tukaimba mpaka gunia la mtu liishe. Miezi ya nyumbu kuzaa, tuliwaona dirishani wakipita na ndama wao, wakati ule uwanda ulikuwa bado haujajaa nyua za waya, na mwalimu wa historia aliacha chaki akaja kutazama pamoja nasi. Mtu akikosa siku moja, mwenzake alitumwa kwake kuuliza kuna nini. Nilifurahi kama mtoto.

Shida yangu ilianza na heshima.

Mwalimu wa Agano Jipya alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, na alikuwa amesoma kutupita sisi sote. Siku ya kwanza aliponiona nimeketi, aliweka kitabu chini, akaja hadi kwenye dawati langu, akainamisha kichwa. Baba yake ni wa rika langu. Tulitahiriwa msimu mmoja, na kwetu binti wa mtu wa rika lako ni binti yako. Nikaweka mkono juu ya kichwa chake.

"Takwenya," nikamsalimu.

"Iko," akaitikia kwa sauti ndogo, kisha akarudi ubaoni kutufundisha.

Tulifanya hivyo kila asubuhi, na kila karatasi niliyompa ilirudi na maneno yale yale: Vizuri, Baba. Hapakuwa na alama ya kosa wala mstari wa wino mwekundu. Karatasi za wenzangu zilirudi zimechorwa kama ndama waliopigwa chapa, nami nikawahurumia. Nilidhani nina kipaji.

Mtu mmoja tu alijaribu kuniambia ukweli. Alikuwa jirani wa chuo, Mwislamu kutoka Garissa, mwenye duka la sukari na vitambaa. Nilizoea kupumzika kwenye benchi lake saa ya chakula, na siku moja nilimsomea jibu langu. Swali lilitaka sababu tatu za mtume kuandika barua fulani. Mimi nilianza kwa kumsalimu msomaji, nikauliza habari za watu wake, nikaeleza nilivyookoka, nikamshukuru Mungu kwa mvua, ndipo nikaikaribia ile barua. Ndivyo tunavyosema katika kikao cha wazee. Mwenye adabu huanza mbali, na anayerukia jambo moja kwa moja huonekana amelelewa vibaya.

Mwenye duka alisikiliza mpaka mwisho. Akakuna ndevu.

"Mzee, wewe umeulizwa nini?"

"Sababu tatu."

"Ziko wapi?"

"Zinakuja."

"Zinakuja na ngamia ama kwa miguu? Karatasi imeisha!"

Nilikasirika. Nikamwambia hajui mambo ya Kikristo. Akacheka, akanipa njugu, nami nikazila bila kuyafikiria zaidi maneno yake. Mungu anisamehe, nilikuwa nimetumiwa mjumbe nikamfukuza.

Mtihani wa mwisho ulisahihishwa Nairobi na watu wasionijua. Matokeo yalipokuja, mkuu wa chuo aliniita peke yangu, na chai ya siku hiyo hakuimimina. Masomo mengine nilikuwa nimepita, kidogo kidogo. Agano Jipya nilikuwa nimeanguka vibaya, na ukianguka somo hilo hupewi cheti. Msahihishaji alikuwa ameongeza maneno mawili matatu: mtahiniwa hajibu maswali.

Nilimngoja yule binti mlangoni. Akaja, akainamisha kichwa. Mkono wangu haukunyanyuka upesi.

"Ulijua?" nikamuuliza.

Alikaa vile vile, kichwa chini. "Nilijua, Baba."

"Tangu lini?"

"Karatasi ya kwanza."

"Miaka mitatu! Na hukusema?"

"Ningeandika nini, Baba? Sifuri? Nimwandikie baba yangu sifuri na wino mwekundu, halafu kesho anibariki?" Akaanza kulia. "Mkono wangu ulikataa."

Nikamgusa kichwa, maana ningefanya nini, nikaondoka nikitembea kuelekea barabara ya lami bila kujua ninakwenda wapi. Nilikataa chuo kikubwa kwa kuwa hakuna ambaye angenijua. Huku nilijulikana mpaka nikanyimwa masomo yangu mwenyewe. Nilimuuliza Mungu maswali siku hiyo, na mengine sikuyauliza kwa adabu.

Wakubwa wa kanisa hawakungoja. Walimtuma Mashuuru kijana mwema kutoka magharibi, asiyejua hata neno moja la Kimaa. Wakaniomba niwe mkalimani wake. Basi kila Jumapili nilisimama kando ya mimbari ile niliyoahidiwa, nikitafsiri mahubiri ya mtu mwingine kwa watu waliochinja mbuzi kwa ajili yangu. Bibi mmoja aliniuliza baada ya ibada, "Hayo maneno ni yako ama ni yake?" Nikamwambia ni ya Mungu. Akasema, "Sawa, lakini wewe unayafupisha."

Chuo kiliniruhusu kurudia somo lile mwaka mmoja. Lakini ningerudia kwa mwalimu gani, ikiwa mkono wake unakataa? Nilimwambia anisahihishe kama wengine, akaitika ndiyo, na karatasi ikarudi: Vizuri, Baba. Mara hii chini yake alikuwa ameweka nukta moja ndogo nyekundu, kama kuumwa na mbu. Niliitazama ile nukta jioni nzima nikitafuta kosa langu.

Ndipo nikaenda Kajiado siku ya soko kumtafuta baba yake. Nilimkuta kati ya mbuzi, akibishana na mnunuzi. Sisi tulipeana fahali tukiwa vijana, kwa hiyo tunaitana Pakiteng.

"Pakiteng! Nasikia umerudishwa darasa," akanipokea kwa kicheko. "Wajukuu wako watakupita."

"Nimekuja kwa sababu ya binti yako."

Kicheko kikakatika. "Amekukosea heshima?"

"Ndiyo shida, hajanikosea. Nataka anikosoe."

"Unataka nimtume mtoto wangu akudharau?"

"Nataka umtume anifundishe. Ananiogopa. Nimemwomba mwenyewe, analia."

Akachora mchangani kwa fimbo yake. Mnunuzi wa mbuzi akachoka akaenda zake. Kisha akasema, "Mimi pia alinisomea barua ya serikali, akaruka sehemu mbaya. Nikakosa siku ya kesi ya shamba." Akatema mate kando. "Huyu mtoto tumemlea vizuri mpaka tumemharibu."

Kilikuwa kiangazi, hakuna hata jani. Akazunguka nyuma ya tangi la maji, pale bomba linapovuja, akarudi na nyasi mbichi mkononi. Kwetu nyasi mbichi ni neno la amani. Aliyepewa nyasi hizo hawezi kulaumiwa kwa jambo aliloruhusiwa.

"Mpe hizi. Mwambie zimetoka kwa baba zake wawili."

Nilizifunga ndani ya kitambaa chenye maji. Nilipompa kesho yake, alizitazama kwa muda, akaziweka ndani ya kitabu chake cha mahudhurio. Akaniambia tufanye hivi: salamu iwe nje ya mlango. Akishavuka kizingiti, yeye ni mwalimu.

Wiki hiyo karatasi yangu ilirudi. Ilikuwa nyekundu toka juu mpaka chini. Salamu zangu zote alizikata kwa mstari mmoja, na ushuhuda wangu wa kuokoka pia. Pembeni aliandika: Swali linauliza nini? Lijibu hilo kwanza. Nne kwa ishirini. Niliibeba mpaka kwa mwenye duka.

"Hii sasa ndiyo shule," akasema, akanipa njugu.

Nilipita mwishoni mwa mwaka ule, si kwa alama za kujivunia. Mashuuru sikupewa. Yule kijana alikaa pale miaka mingi, nami nikaendelea kumtafsiria, nikiwa na cheti mfukoni. Wazee waliosema watanisubiri, wengi aliwazika yeye, kwa maneno yaliyotoka kinywani mwangu. Mpaka leo likinijia jambo hilo huwa naweka kikombe chini. Nimeshukuru, na bado linauma. Nimeacha kumficha Mungu hilo la pili.

Cheti kiko ndani ya sanduku. Karatasi nyekundu iko ndani ya Biblia yangu, imeanza kuchanika kwenye mikunjo.

Wewe unayesoma, Mungu akupe mtu atakayekuheshimu na bado akuambie kosa lako, tena mapema, kabla wanaokungoja hawajachoka. Akupe sikio la kumsikia hata akiwa muuza sukari. Ng'ombe wako wazae, watoto wako wainamishe vichwa wakusalimu, kisha wainue macho wakuambie kweli. Itikia nami kama tunavyoitikia baraka kwetu: Naai.