Mlima Usio na Mtu

Muyisa alikuwa mpiga picha mzuri mpaka alipoamua kuwa mzuri zaidi. Studio yake hapa Butembo imepakana na cherehani yangu, na kwa miaka mingi alitupiga mbele ya turubai lililochorwa bwawa la kuogelea na minazi. Harusi, ubatizo, diploma, wote tulipita mbele ya bwawa lile. Hakuna kati yetu anayejua kuogelea, lakini tulipendeza.

Halafu akaanza kutazama masomo kwenye simu. Akajifunza kuamka kabla ya jua, kuweka kamera kwenye miguu mitatu, kusubiri mwanga. Zaidi ya yote akajifunza kwamba picha ya mandhari haitaki watu, na hilo likamwingia kuliko mahubiri ya mchungaji wetu.

Akawa anapanda pikipiki alfajiri kwenda Masereka, kwenye milima ya Lubero. Bahati mbaya kule kila mteremko una viazi na kila kiazi kina mwenyewe. Ukungu ukifunguka tu, mama mwenye jembe anatokea, anatua kikapu, ananyoosha kitenge, anasimama wima mbele ya kamera.

"Mama, tafazali, sogea kidogo. Niko napiga mulima."

"Mulima itaenda wapi? Piga mimi kwanza, niko na haraka."

Angekataa, angeonekana hana adabu. Akampiga, na mwanga ukaenda zake. Alirudi mjini na picha za wakulima wote wa Masereka, amenuna.

Siku moja Issaka, msafirishaji wa Beni, akampa nafasi kwenye lori lake lililokuwa likielekea Manguredjipa. Njiani Muyisa aliona bonde: migomba, vibanda vya nyasi, paa moja la bati, jua la asubuhi likipita chini ya mawingu, na hakuna mtu hata mmoja. Issaka alisimama lakini hakuzima injini, akawa anamwambia afanye haraka. Muyisa alidhani ni tabia ya madereva. Akapiga.

Picha ilikuwa nzuri, nami si mwepesi wa kusifu. Akaichapisha kwenye turubai la ukuta mzima, akashusha bwawa, akatangaza kwamba hii ni kazi ya sanaa, marufuku kusimama mbele yake. Basi tukawa na studio ya picha ambayo mteja haruhusiwi kusimama ndani. Wateja walichungulia, wakauliza, "Mais batu bako wapi?", yaani lakini watu wako wapi, wakahamia kwa jirani mwenye turubai la maporomoko ya maji. Mke wake Bénite akamwambia wazi: kama hakuna atakayeipenda picha hiyo kabla ya msimu wa harusi, bwawa linarudi na yeye Muyisa anarudi kwenye akili zake. Alikonda, maskini. Aliitaka ile picha ipendwe kama mtu anavyotaka mtoto wake apite mtihani.

Ndipo akaingia Mama Mariette, aliyetaka foto ndogo ya kadi. Hakukaa kwenye kiti. Alisogelea turubai mpaka pua ikakaribia kuligusa.

"Ile nyumba ya mabati ni yetu," alisema.

Muyisa akafurahi mno. Akamweleza mwanga, subira, miguu mitatu. "Na uone, Mama, hakuna hata mutu moja. Ile ni kitu ngumu sana kupata."

"Hakukuwa mutu sababu tulikuwa tumekimbia waasi. Tuliacha mpaka nguo kwenye kamba."

Muyisa akatazama. Kando ya paa kulikuwa na vidoa vyekundu na vya buluu ambavyo yeye alikuwa akituonyesha kama maua. Niliacha cherehani, nikaja kutazama na mimi.

"Unipige hapa," alisema mama. "Lakini pembeni, nisifunike nyumba."

Muyisa hakutaja sanaa. Alisogeza taa, akampiga, na alipomaliza mama akauliza, "Naweza ita bengine? Kijiji yote iko huku Butembo."

Walikuja mchana, wazee na watoto, wamevaa nguo za kuazima. Yule aliyefukuza watu kwenye milima yote ya Lubero aliwabembeleza mpaka sauti ikamkauka wasogee katikati. Hakuna aliyekubali kusimama mbele ya mlango wa nyumba yake pale turubaini.