Beseni Juu ya Bati la Jirani

Kwanza niseme wazi: antena ya intaneti ilikuwa yangu. Shemeji yangu, dereva wa lori, aliniletea kutoka upande wa Zambia, ameificha katikati ya katoni za biskuti, na siku aliponikabidhi nilicheza nayo kama mtoto. Kazi yangu ni kutafsiri makaratasi ya makampuni yanayochimba shaba upande wa Kinsevere. Asubuhi wananitumia Kifaransa, jioni wanataka Kiingereza, na mtandao wa simu mtaani kwetu ulikuwa wa kuombea rozari. Bila kile kisahani cheupe na kisanduku chake cha kugawa intaneti, nisingekuwa na kazi.

Shida ilikuwa mti. Kwetu uwanjani kuna mwavokado ambao marehemu baba aliupanda mwaka niliozaliwa, na matawi yake yamefunika nyumba nzima. Antena inataka kuona mbingu wazi.

“Kata ule muti,” mke wangu alisema.

“Nikate muti ya baba? Weye mama, uko na akili kweli?”

Basi nikaenda kwa jirani. Ni mwalimu wa hesabu, ananizidi miaka kama kumi, na tangu utotoni ninamwita Yaya, yaani kaka mkubwa. Wazazi wake walitoka Kasai, lakini yeye alizaliwa hapa hapa Lubumbashi, ukuta mmoja na sisi. Wazazi wangu walitoka kaskazini ya Katanga, baba akiwa mtu wa reli. Miaka ile watu wa Kasai walipofukuzwa mjini, mimi nikiwa mtoto, familia ya Yaya ililala stesheni siku nyingi wakingoja treni, na ufunguo wa nyumba yao ulibaki kwa baba yangu. Waliokuja kutaka kuiingia walimkuta ameketi mlangoni kwenye kiti chake cha kamba, na hakuinuka. Yaya aliporudi baada ya miaka mitatu, baba alimpa ufunguo, na hata sufuria zilikuwa pale pale jikoni. Hadithi hiyo nimeila maisha yangu yote. Kwenye harusi ninaisimulia, kwenye matanga ninaisimulia, utadhani ni mimi niliyeketi kwenye kile kiti.

Yaya hakuuliza mara mbili. “Leta ngazi,” alisema, akapanda mwenyewe, akapigilia misumari minne kwenye bati lake. Waya ukapita katikati ya majani ya mwavokado mpaka chumbani mwangu, palipokuwa na kisanduku. Huwezi kuuona kama hujui uko wapi. Naye akawa anapata intaneti akiwa kwake uwanjani.

Kumbe aliihitaji kuliko mimi. Mke wake alikuwa ameenda Afrika Kusini kwa binti yao, kutibiwa figo, na alikuwa ameshakaa huko karibu mwaka mzima. Kila siku saa kumi na moja jioni Yaya alitoka na simu, akamtembeza mama yule nyumbani kwake: kuku, mlango, tomati. Sisi upande wetu tulisikia kila kitu.

“Ulimwanga mayi ku tomati?”

“Nilimwanga.”

“Muongo weye! Onyesha udongo.”

Yaya anainamisha simu, halafu mama anapaza sauti, “Unaona? Udongo iko mukavu! Unanidanganya na niko mugonjwa!” Mke wangu alikuwa anacheka mpaka anashika ukuta. Siku nyingine mama alikuwa anamsema kwa ajili ya bukari yake, ugali wa kwetu, kwamba ni majimaji, atainywa na kijiko. Yaya alisema ile saa ya jioni ndiyo ilikuwa inamshikilia.

Halafu tangazo likaja redioni. Vyombo vya intaneti vya nyumbani vilivyotengenezwa nje, visivyo na kibali cha serikali, ni marufuku. Mwenye nacho akipeleke mwenyewe ofisini kwao. Akikutwa nacho, atajibu. Walisema ni kwa usalama wa nchi. Mimi nilicheka: usalama wa nchi na mimi ninayetafsiri orodha za mipira ya mitambo!

Yaya hakucheka. “Tupeleke, mudogo?” aliuliza.

“Yaya, mi nitakula nini? Na weye, mama utamuona namna gani?”

Hapo sikumjali mama, nisijidanganye. Nilimtaja kwa sababu nilijua neno hilo litamfunga mdomo. Kisha nikaleta akili yangu kubwa: tuifunike antena na beseni. Nilichukua beseni la bluu la plastiki, Yaya akapanda, akalifunika, akaweka jiwe pembeni.

“Na shiye tutafulia mu nini sasa? Mu kofia yako?” mke wangu alifoka.

Intaneti ilipita ndani ya plastiki bila shida, nasi tukajiona wajanja. Hakuna aliyejiuliza swali ambalo kila mpita njia angejiuliza: nani anafulia nguo juu ya bati?

Walikuja maafisa wawili, jioni, na karatasi mkononi. Niliwaona kupitia dirisha, wamesimama barabarani, vidole vinaonyesha beseni. Ng'ambo ya ukuta mke wa Yaya alikuwa anaongea simuni, ilikuwa saa yao. Wale wakagonga geti la Yaya. Nami nilifanya nini? Nilikimbilia kisanduku, nikakichomoa, nikakizika ndani ya gunia la unga. Nilisikia sauti ya yule mama ikikatika katikati ya neno.

Ningeweza kukaa ndani, lakini hofu ina ujinga wake. Nilitoka nje nisimame kama mtu asiye na habari, mikono nyuma. Mmoja wao akanigeukia.

“Bwana, ile kitu iko ya nani?”

Nilikuwa na muda wa kujibu, na jibu la kweli lilikuwa neno moja. Nikasema, “Si munaona iko ku bati ya nani?”

Unaona ujanja? Sikusema uongo. Niliutazama tu ukweli mwingine. Yule bwana akatikisa kichwa, akamnong'oneza mwenzake, lakini kwa sauti ya kutosha nisikie: “Bale bantu ba Kasai, bote njo vile. Bajanja mingi.” Na akanitazama, anangoja.

Nikacheka.

Kilikuwa kicheko kidogo, cha puani. Hata hivyo kilitoka kwangu, mtoto wa yule mzee wa kiti cha kamba.

Yaya alifungua geti. Walipomuuliza, alisema antena ni yake. Walipotaka kisanduku, alisema kiliungua na kuran, umeme wetu huu wa kukatikakatika, wiki iliyopita, akakitupa. Katika mji huu hakuna anayebisha mtu akisema kitu kiliungua na kuran. Walishusha antena, wakamchukua na yeye. Alipita mbele yangu bila kunitazama, na nilishukuru Mungu kwa hilo, ndivyo nilivyokuwa.

Mke wangu hakula siku ile. “Nenda useme iko yako,” alinisihi. Nilimwambia nina watoto. “Baba yako pia alikuwa na batoto,” alijibu, akaingia chumbani. Kesho yake nilivaa shati safi, nikafika mpaka kona ya ofisi ile walikompeleka, nikanunua karanga, nikarudi.

Siku ya tatu Yaya alirudi, viatu havina kamba, suruali ameishika kwa mkono kwa sababu mkanda walibaki nao. Niliita juu ya ukuta, “Yaya, pole.” Akauliza, “Ile kasanduku iko salama?”

“Iko.”

“Bon. Ufiche muzuri.” Akaingia kwake.

Toka siku ile hakumwona mke wake tena. Alikuwa anatembea mpaka barabara kubwa kutafuta mtandao wa simu, sauti inafika vipande vipande, picha inaganda. “Minaona paka nywele,” aliniambia siku moja, yaani nywele tu, anajaribu kucheka. Miezi miwili baadaye binti yao alipiga simu asubuhi. Mama amekwisha. Alizikwa huko huko, mbali.

Matanga tuliweka uwanjani kwa Yaya, watu wa parokia wakaja, na walimu wenzake. Alipopewa nafasi ya kushukuru watu, aliniita nisimame. “Huyu njo mudogo wangu,” alisema. “Njo huyu alinipatia kuona mama kila siku. Bila yeye singemuona.” Watu wakanipigia makofi, mzee mmoja akaanza kumsimulia jirani yake hadithi ya baba na ule ufunguo. Nilisimama. Nikashukuru, kwa maneno mazuri; kazi yangu si maneno? Majuto ni mjukuu, tunasema, lakini yangu hayakungoja kuzaliwa.

Sasa serikali imeruhusu. Ukipita upande wa Karavia utaona antena kwenye kila paa, hazina beseni wala aibu. Mwezi uliopita nilipata mpya, yenye kibali. Nilikuwa nimeshaita watu wa kukata mwavokado, nisihitaji tena bati la Yaya, nione kama mti ukianguka nami nitapumua. Yaya akasikia shoka linanolewa, akaja.

“Unakata muti ya muzee juu ya nini? Leta antena. Misumari iko paka pale ku bati yangu.”

“Yaya,” nilisema, “ile siku, bale bantu baliniuliza, na mi nilisema...”

“Nilisikia.”

“Na nilicheka, Yaya.”

“Ile pia nilisikia. Ukuta iko mufupi, mudogo.” Hakukasirika. Alikuwa amechoka tu. “Bintu byote nilisikia ile siku. Kintu moja njo kilinipita. Mama alikuwa anasema neno, na kuran ikakatika. Nyuma nilimuuliza, akasema alisahau. Mpaka leo minajiuliza alikuwa anasema nini.”

Alinitazama, kama mtu anayeuliza mwenzake kama naye anakumbuka.

“Ile kuran yetu,” alisema.

“Ndiyo, Yaya,” nilijibu. “Kuran.”

Nikamshikia ngazi, akapanda.