Bendera ya Kaburi la Baleni

Sikutoka Baleni kwa kupenda matembezi. Waingereza, waliowafukuza Wadachi hapa kisiwani juzijuzi tu, walikuwa wamemfunga mjomba wangu Haji, wanataka kumnyonga. Kosa lake, eti, bendera nyeupe! Mjomba ni mtunza kaburi la sharifu, na kaburi lile lina kitambaa cheupe juu ya mti tangu enzi za mababu. Askari wa Wadachi walijificha nyuma ya kaburi hilo, wakapiga bunduki, wakakimbia. Mjomba hakukimbia, alikuwa anafagia.

Alfajiri nikashika njia na mkewe, Bi Mwanashehe. Njia nzima neno lake moja: "Mwanangu, kufagia kaburi nako ni vita?" Tulipita minazi iliyoanguliwa madafu yote na hao hao waliokuja kutuokoa.

Saa nne tukafika Kilindoni. Mkubwa wao, kijana mwekundu kama kaa wa kuchemsha, alikaa barazani na kitabu chake. Salum, karani wa Unguja, akatafsiri:

"Bwana anasema hii ni sheria ya vita ya mataifa yote. Mwenye kupandisha bendera nyeupe ameomba amani. Akiipandisha, kisha zikapigwa risasi, huo ni uhaini."

"Mataifa yote?" nikauliza. "Sisi wa Baleni tuliulizwa lini?"

Kitabu kikafunuliwa. "Waliotia sahihi ni wafalme."

"Basi na wanyongwe wafalme!"

"Hilo sitafsiri, ndugu yangu," Salum akanong'ona. "Nina watoto."

Uani, nyuma ya yule mkubwa, shuka zake tatu nyeupe zilikuwa zimeanikwa kambani. Chini yake askari wawili wanasafisha bunduki. Hasira zikanipanda.

"Hili litafsiri. Mwambie yeye ameomba amani tangu asubuhi, na askari wake wameshika bunduki. Atanyongwa lini?"

Salum akatafsiri. Yule mkubwa akageuka, akazitazama shuka zake. Bi Mwanashehe akanishika kanzu, nami nikajua tumekwisha, tutafungwa sote. Mara yule mkubwa akafunga kitabu, akafoka, na mjomba akaletwa, mikono imevimba kwa kamba. Sharti moja: Baleni kisionekane tena kitambaa cheupe.

Jioni tukafika nyumbani. Tangu siku ile kanzu tunazianika ndani, juu ya meko, na Ijumaa msikiti mzima unanuka moshi. Kaburi la sharifu limefungwa kaniki nyeusi. Nilichojifunza ni hiki: wazungu wana sheria nzuri ajabu, wameiandika ili wauane kwa adabu. Sisi tusiomuua mtu hatumo ndani yake, ila kwenye kunyongwa.

Juma lililopita alifariki jirani yetu. Jeneza likafunikwa shuka nyeupe, maana maiti wetu hatumsitiri kwa kaniki. Mlangoni wachukuzi wakasita, kwa kuwa askari walikuwa wakipita barabarani. Mjomba Haji, ambaye hajawahi kushika hata manati, akatangulia mbele ya jeneza, akanyoosha mikono yote miwili juu, akatuongoza hivyo hivyo mpaka makaburini.