Magurudumu ya Shangazi Yasiyorudi

Shangazi yangu ni fundi wa viti vya magurudumu, na ukithubutu kumwambia apumzike utatafuta pa kujificha. Karakana yake iko nyuma ya hospitali: benchi, mashine ya kuchomelea na redio inayoimba kutwa. Magurudumu madogo ya mbele huyaunda mwenyewe, kwa mpira wa matairi makuukuu.

Juzijuzi meneja wa hospitali alimletea karatasi. Eti kwa wastani gurudumu la Shangazi hudumu miezi mitano, la dukani miezi kumi na mmoja. Basi watanunua ya dukani tu, naye ahamie mapokezi akaandike majina ya watu. Shangazi na majina, jamani! Mteja akizoeleka sana huitwa "wewe wa breki".

"Umeyapataje haya?" akauliza.

"Nimehesabu yaliyorudi yameharibika, mama."

"Yangu yamerudi tisa, yale ya mwanzo yenye gundi mbovu. Nimetengeneza sitini."

"Hayo mengine sina habari nayo."

"Basi mazima yote."

Mimi, bila aibu, nilikuwa upande wa Shangazi. Lakini binamu yangu, bintiye huyohuyo, ndiye mtakwimu wa hospitali, na akishika kalamu hamjui mama wala baba. Akawakatalia wote wawili.

"Meneja unahesabu yaliyokufa tu. Mama nawe unayapa uhai yote usiyoyaona. Tuhesabu kila gurudumu mpaka siku ya mwisho lilipojulikana kuwa zima. Baada ya hapo hatusemi limekufa, hatusemi linadunda. Wagonjwa wanaopotea kliniki huwa tunawahesabu hivyohivyo."

Wateja wote, wa Shangazi na wa dukani, wakapigiwa simu siku tatu. Muuza magazeti akasema lake linadunda. Mwingine hakupatikana kabisa, ikaandikwa siku aliyoonekana mara ya mwisho. Kwa mama mshonaji akapokea mumewe.

"Mke wangu alifariki mwezi wa pili," akasema. "Kiti kipo hapa dirishani. Magurudumu hayana hata ufa. Nayafuta kila Jumapili."

Shangazi akazima redio. Binamu akaandika: mazima, hadi mwezi wa pili yalipoacha kutumika.

Hesabu mpya ilipotoka, ya Shangazi manane katika kumi yalikuwa yanavuka mwaka. Ya dukani hayakufika hata manne. Meneja akasaini bila kubisha, na mapokezi wakatafutiwa mtu mwingine. Nilifurahi mpaka nikanunua soda, nikampelekea pale benchini. Hakuigusa.

"Yule mshonaji alikuja siku moja," akaniambia. "Gurudumu la kushoto lilikuwa linampigia kelele. Nikamwambia nina kazi nyingi, arudi wiki ijayo. Hakurudi, nami nikashukuru, nikasema limenyamaza lenyewe."