Pa Kulitolea Doa Langu

Nilizaliwa na doa jeusi juu ya bega la kushoto, dogo kama punje ya ulezi. Sikulijali mpaka nilipomzaa mtoto wa tatu. Kila nilipombeba mgongoni, fundo la kanga lilikaa palepale, likilisugua. Likaanza kuwasha. Halafu likanenepa, ukingo wake ukawa kama umetafunwa, na siku moja nikitoka kupalilia mahindi niliona damu kwenye kanga.

Nilinyamaza. Shangazi yangu wa Chala alianza na doa kama hilo chini ya wayo. Walilichoma kwa chuma cha moto. Likarudi kubwa zaidi, na tulimzika kabla mavuno hayajaisha. Nyumbani kwetu habari ile hatukuizungumza tena.

Mume wangu aliiona damu mwenyewe.

"Hii nini, mama watoto?"

"Nimejikwaruza."

"Geuka nione." Aliangalia kwa muda, kisha akasema taratibu, "Twende kwa yule daktari wa sokoni."

Wakati huo watu binafsi walikuwa wameruhusiwa kufungua zahanati, na pale Sumbawanga zilichipuka katikati ya maduka ya redio na mitumba. Hospitali ya serikali nayo ilikuwa imeanza kutoza ada, tena glavu, uzi na wembe ulivinunua mwenyewe dukani. Wa sokoni alikuwa rahisi, na kwake hakukuwa na foleni.

Tulimkuta mfugaji mmoja, mhamiaji kutoka Usukumani, akipasuliwa jipu nyuma ya pazia. Pazia lilikuwa fupi. Niliona mkasi ukitumbukizwa kwenye beseni, maji yakageuka rangi. Yule baba alipotoka akichechemea, nikaitwa mimi.

"Karibu mama. Hako kadogo tu," alisema daktari, kijana nadhifu mwenye koti lililopigwa pasi. "Nakakata, nakachoma na dawa, unarudi kupika."

Aliposema nakachoma, nilimkumbuka shangazi. Akauchukua mkasi uleule kutoka kwenye beseni, akaufuta kwa pamba. Miaka hiyo tulikuwa tunazika vijana waliorudi nyumbani wamekonda, na redio kila siku ilituonya juu ya wembe na sindano.

"Huo umeuchemsha?" niliuliza.

"Maji hayo yana dawa, mama. Usiwe na wasiwasi."

"Na ukishalitoa, linapelekwa wapi kupimwa?"

Akacheka. "Linatupwa. Au unataka kuondoka nalo?"

Mume wangu naye akacheka kidogo, kwa heshima tu. Nikapandisha kanga begani na kutoka nje. Sikukumbuka hata kuaga.

Mume wangu alinifuata hadi barabarani. "Umeniaibisha. Unaogopa nini?"

"Shangazi walimchoma," nikasema, na hapo nikamweleza yote. Alinisikiliza huku ameinamisha kichwa. Tulirudi nyumbani. Kesho yake aliuza mbuzi, akanunua glavu, uzi na wembe, akaja navyo vimefungwa kwenye gazeti.

Hospitalini daktari alikuwa mama mtu mzima. Tulimwamkia, akaitikia, akanigeuza niwe upande wa dirisha lenye mwanga.

"Kuna mtu ameligusa hili? Kulichoma, kulifunga uzi?"

"Hapana, daktari."

"Afadhali. Tutalitoa lote na nyama kidogo ya pembeni, tulipeleke Mbeya likapimwe."

"Ni saratani?"

"Sijui, mwanangu. Kwa macho siwezi kujua."

Nilitamani anidanganye. Lakini vyombo vyake niliviona vikitolewa kwenye sufuria ya kuchemshia vikifuka mvuke, na glavu zetu zikafunguliwa mbele yangu. Sindano ya ganzi iliuma. Baada ya hapo nilisikia tu kuvutwa, kama nguo inayoshonwa nikiwa nimeivaa. Muuguzi alinionyesha kichupa: kitu cheusi kikielea, mfano wa kipande cha ini.

Kungoja majibu ndiko kulikonimaliza. Nikikohoa, nasema saratani imefika kifuani. Nikikosa hamu ya ugali, nasema imefika tumboni. Nilikatazwa kubeba mtoto mgongoni, basi Jumapili mume wangu alimfunga mtoto kwa kanga yangu, akaenda naye kanisani. Wanaume wenzake walimcheka mpaka mlangoni. Mimi nyuma yake nilikuwa nahesabu nani atanilelea wale watatu.

Tulipoitwa, mvua zilikuwa zimekwisha. Daktari hakutukawiza.

"Si saratani. Ila lilikuwa limeanza kubadilika. Limetoka lote. Ukiona lingine linabadilika, njoo mapema."

Nilimshukuru vizuri, nikatembea vizuri hadi nje. Kwenye ngazi meno yakaanza kugongana, nikakaa chini katikati ya njia.

"Si amesema umepona?" mume wangu aliuliza, ameniinamia.

Nilimwitikia kwa kichwa. Mwili haukuacha kutetemeka, na watu waliokuwa wakiingia hospitali walitupita pembeni, wakinipa pole.